Wasomaji Wanauliza: Meseji, Brifu na Ripoti za Watu wa Masoko

Barua za mwezi huu zimetoka kwa maofisa masoko, wenye maduka na watengenezaji wa matangazo. Karibu zote zinaanza kwa kulalamikia pesa: meseji zimekula bajeti, bango limerudiwa mara tano, tangazo la redio halikuleta mteja. Ukizisoma vizuri, hasara ilianzia kwenye maandishi. Tumechagua sita na kuzifupisha.

Ndugu wahariri, chama chetu cha akiba na mikopo kina wanachama 4,000. Tuliwatumia meseji moja yenye herufi 149, yaani chini ya 160, lakini mtoa huduma ametukata meseji 12,000. Je, ametuibia? Meseji ilikuwa hii: "Ndugu mteja, tunayo furaha kukujulisha kuwa sasa unaweza kupata mkopo wa ng’ombe wa maziwa kwa riba nafuu. Wahi sasa! Vigezo na masharti kuzingatiwa." (Afisa masoko, Tukuyu)

Hajawaibia. Iangalie ile alama ndogo ndani ya neno ng’ombe.

Mitandao ya simu husafirisha meseji kwa orodha maalumu ya herufi iitwayo GSM-7. Ukibaki ndani ya orodha hiyo, meseji moja inabeba herufi 160, nafasi na alama zikiwemo. Ritifaa iliyonyooka ('), ile unayoipata ukibonyeza kibodi, imo kwenye orodha. Ritifaa iliyopinda (’), ambayo Word huiweka yenyewe bila kukuuliza, haimo. Ikiingia hata moja, meseji nzima inahamia kwenye mfumo mwingine unaobeba herufi 70 tu. Na ikizidi 70, inakatwa vipande vya herufi 67, kwa sababu kila kipande hulazimika kubeba pia maelezo ya kukiunganisha na wenzake. Herufi 149 zinajaza vipande viwili na kuingia kwenye cha tatu. Vitatu mara wanachama 4,000, ndizo hizo 12,000.

Kwa anayeandika Kiswahili huu ni mtego wa kila siku. Muuza ving'amuzi, muuza ng'ombe, mwenye sabuni ya kung'arisha nguo, wote wana ng' kwenye tangazo. Emoji hufanya vilevile, na alama za kufungua na kufunga usemi zilizopinda, na kistari kirefu, na vile vidoto vitatu ambavyo kompyuta huvigeuza kuwa alama moja. Mabano ya mraba yamo kwenye orodha lakini kila moja huhesabiwa kama herufi mbili. Dawa ni kuandika meseji kwenye Notepad, au kuzima ubadilishaji wa alama katika mipangilio ya Word ya kusahihisha yenyewe, kisha kutuma jaribio kwenye simu tatu za mitandao tofauti, mojawapo iwe kitochi. Kama mfumo wenu unaingiza jina la mwanachama, kumbuka kwamba Ali ana herufi 3 na Mwanahamisi ana 11. Hesabu kwa jina refu kuliko yote mliyonayo.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe, maana hata ritifaa ikinyooka meseji hii ina kasoro. "Ndugu mteja, tunayo furaha kukujulisha kuwa" pamoja na nafasi zake ni herufi 44, zaidi ya robo ya meseji, na mwanachama bado hajaambiwa kitu. "Riba nafuu" haimsaidii kupiga hesabu. "Wahi sasa" haisemi awahi wapi wala mpaka lini. "Vigezo na masharti kuzingatiwa" inamwambia kuna jambo mmelificha. Ukitoa hayo yote, inabaki nafasi ya kusema mambo ambayo mfugaji angeuliza dirishani:

*Mkopo wa ng'ombe wa maziwa: riba 1.5% kwa mwezi, lipa miezi 18. Njoo ofisini na kitambulisho cha NIDA kabla ya 14 Machi.*

Riba, muda na tarehe hapo ni vya mfano, weka vyenu. Ni herufi 120, na kitambulisho, ambacho ni moja ya hivyo vigezo, kimetajwa. Herufi 40 zilizobaki zinatosha kuongeza "Kujitoa: tuma ACHA" na namba ya simu. Usiandike "jibu ACHA" kama meseji inatoka kwa jina la chama badala ya namba, kwani jina la herufi haliwezi kujibiwa. Jina hilo, kwa njia, haliruhusiwi kuzidi herufi 11, na husajiliwa kupitia mtoa huduma wenu wa meseji.

Mimi ni afisa masoko wa kampuni inayosambaza gesi ya kupikia. Naandika brifu (maelekezo ya tangazo tunalotaka) ya kurasa nne, nawatumia wabunifu, wanaleta kitu kingine kabisa. Tunarudia mara nne au tano mpaka tarehe inapita. Mwenye kosa ni mimi au wao? (Temeke, Dar es Salaam)

Ukurasa wa kwanza wa brifu uliyotutumia una sentensi hii: "Tunataka tangazo la kisasa na la kuvutia litakaloongeza uelewa wa bidhaa yetu kwa vijana na akina mama wa miaka 18 hadi 55." Mbunifu hana cha kuchora hapo. Binti wa miaka 18 na mama wa miaka 55 hawanunui gesi kwa sababu moja, "kuvutia" kila mtu analo lake, na "uelewa" si tatizo lenu. Hakuna mtu Temeke asiyejua gesi inapika haraka kuliko mkaa.

Anza brifu na tatizo lenyewe, kwa sentensi ambayo mtu anaweza kufumba macho akaiona. Kwa mfano: "Mama lishe wa Temeke ana mtungi wetu wa kilo 6, lakini ukiisha anarudi kwenye mkaa, kwa sababu mkaa ananunua kopo moja kila asubuhi kwa mauzo ya jana, na gesi inamtaka atoe fedha yote kwa mkupuo." Sasa mbunifu ana mtu, ana jiko, ana asubuhi. Kazi ya tangazo nayo imebadilika: halipaswi tena kusifu gesi, linapaswa kumwonyesha mama lishe namna ya kufikisha fedha ya kujaza. Kama kampuni yenu haina njia yoyote ya kumpunguzia huo mkupuo, basi rudi kwa wakubwa kabla ya kwenda kwa wabunifu, kwa sababu hakuna bango litakaloziba pengo la huduma ambayo haipo.

Baada ya tatizo, andika jambo moja la kusema. Tunasisitiza moja, maana hapa ndipo brifu nyingi hufa: idara ya mauzo inaongeza usalama, mkurugenzi anaongeza mazingira, mhasibu anaongeza zawadi, na tangazo linageuka orodha. Safaricom ilipoingiza M-Pesa sokoni Kenya, Machi 2007, ilikuwa na mengi ya kueleza kuhusu laini ya simu, mawakala na namba ya siri. Ujumbe wake ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Kila mfanyakazi wa mjini mwenye wazazi kijijini aliuelewa. Kwenu jambo moja laweza kuwa: "Weka fedha ya gesi kidogo kidogo kila jioni, mtungi ukiisha uko tayari kujazwa." Fuatisha na sababu ya kuliamini (anaweka wapi, anaonaje salio) na tendo mnalotaka alifanye siku hiyohiyo: apige namba, aende kwa wakala, aandikishwe na mhudumu. Chagua tendo moja tu.

Yaliyobaki ni ya kiufundi na yasizidi nusu ukurasa: upana na urefu wa bango kwa sentimita, litasomwa kutoka umbali gani, kipeperushi kina ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatia, faili linatakiwa la aina gani, bajeti ni kiasi gani, na nani anaidhinisha. Mwidhinishaji awe mtu mmoja na jina lake liandikwe. Tarehe zihesabiwe kinyumenyume: kama bango linapanda tarehe 20 na mchapaji anahitaji siku 4, faili la mwisho ni tarehe 16, na maoni yenu yamefungwa tarehe 13. Brifu yote ikizidi ukurasa mmoja na nusu, kuna maamuzi ambayo hamjayafanya na mnamsukumia mbunifu ayafanye.

Kuhusu marudio, soma tena maoni mnayotuma. "Sijaipenda", "iwe na uhai", "bosi anasema bado" ni hisia, na mbunifu atabahatisha. Maoni yanayofanyika kazi yanataja kitu, kasoro na sababu: "Bei haisomeki ukiwa ng'ambo ya barabara, na bango litawekwa kituo cha daladala." Acha ufumbuzi kwa mbunifu, pengine ataikuza bei, pengine ataondoa picha. Maoni ya watu wote yakusanywe na mtu mmoja, yanayopingana yamalizwe ndani, kisha yatumwe kwa barua pepe moja. Yakitumwa nusu kwenye WhatsApp, nusu kwa simu na nusu kwenye kikao, toleo la nne litarudisha kosa la toleo la pili. Faili nazo zipewe jina lenye bidhaa, kazi, namba ya toleo na tarehe, kwa sababu tumeona vipeperushi vilivyochapwa vikiwa na bei ya zamani kwa kuwa mafaili mawili yote yaliitwa "mwisho".

Mhariri mpendwa, kampuni yetu huandika matangazo kwa Kiingereza kisha tunatafsiri kwa Kiswahili. Wenzetu wa Tanzania wanasema matangazo yetu yanasikika kama ya mgeni, na kwenye uzinduzi mmoja watu walifika wakiwa wamechelewa kwa saa sita. Tufanyeje? (Nairobi)

Tuanze na hilo la saa. Mtafsiri aliona saa nane ya Kiingereza akaandika "saa 8 asubuhi", wakati ambao kwa Kiswahili haupo. Msomaji akaamua neno "asubuhi" limekosewa, akaja saa 8 mchana, ambayo kwenye simu yake ni 14:00. Weka kanuni moja: likitangulia neno "saa", hesabu ni ya Kiswahili, na wakati wa siku utajwe. Kwenye bango la watu mchanganyiko andika "saa 2 asubuhi (08:00)", hapo hakuna atakayepotea.

Kuhusu usemi, dalili ya kwanza ya tafsiri ni kitenzi "furahia". Furahia intaneti, furahia punguzo, furahia mlo, furahia safari. Mtu akizungumza na mwenzake hasemi hivyo, anasema bando linakaa siku 7, bei imeshuka, chakula kimejaa sahani. Ya pili ni "unastahili kilicho bora". Muuza vitenge wa Kariakoo hamwambii mteja anastahili nini. Anakikunjua kitambaa, anakisugua kwa kidole na kusema, "Hiki hakichuji, fua utakavyo." Maneno hayo machache yana kitu, ubora wake na namna ya kuuhakiki. Ndiyo Kiswahili cha biashara, na hakipatikani kwa kutafsiri.

Kwa hiyo msimpe mwandishi wa Kiswahili tangazo la Kiingereza lililokamilika. Mpeni brifu ileile aliyopewa mwandishi wa Kiingereza, na wote waanze siku moja. Akimaliza, tafuteni mtu wa tatu ambaye hajaona Kiingereza, asome, kisha mumwulize swali moja: "Baada ya kusoma hili, ungefanya nini?" Jibu lake likiwa tofauti na tendo lililo kwenye brifu, rudini mezani.

Msomaji wa Dar es Salaam na wa Nairobi wanaelewana, lakini maneno ya sokoni si yaleyale. Kiwanja cha huku mara nyingi ni ploti huko. Buku la kijiweni Dar ni shilingi 1,000, na kijana wa Nairobi atasema ngiri. Mama lishe anauza chakula kilichopikwa, mama mboga anauza mboga, kwa hiyo kubadilisha jina hilo peke yake kunaweza kumtoa mlengwa wenu kwenye tangazo. Tengenezeni kamusi ndogo ya kampuni, maneno 40 au 50 kwa kila nchi, na muamue humo jina la bidhaa yenu lina upatanisho gani. Likiandikwa "imefika" kwenye bango na "kimefika" kwenye meseji, mteja anahisi uzembe hata kama hawezi kuutaja.

Tangazo letu la redio la sekunde 30 limesomwa mbio kama la mnada, hakuna aliyesikia kitu. Mtangazaji anasema maneno ni mengi, nami niliambiwa sekunde 30 ni maneno 75. (Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Songea)

Kipimo cha maneno 75 ni cha Kiingereza. Kitenzi chetu kimoja hubeba sentensi nzima: "tutakuletea" ni neno moja lenye silabi sita. Lenga maneno 50 hadi 60, yasome kwa sauti ukiwa umesimama, na saa ya simu ikuonyeshe sekunde 27 au 28, maana muziki na pumzi navyo vinataka nafasi.

Bei ziandike kwa maneno, kama zitakavyotamkwa. Hapo utagundua kwamba 24,900, ambayo kwenye karatasi inaonekana rahisi kuliko 25,000, redioni ni "elfu ishirini na nne mia tisa", silabi 13 dhidi ya 9, na msikilizaji anabaki na "elfu ishirini na kitu". Taja 25,000. Namba ya simu usiitegemee, kwa kuwa anayesikiliza ameshika usukani au mwiko. Mpe alama ya mahali ambayo mji mzima unaijua, mkabala na nini, kushoto kwa nini, na jina la duka ulitaje mapema, katikati na mwishoni. Bidhaa moja kwa tangazo moja: bati wiki hii, saruji wiki ijayo.

Kila mwezi naandika ripoti ya masoko ya kurasa kumi. Meneja anaipindua kurasa mbili na kuniuliza, "Kwa hiyo?" Nikosoeni. (Mombasa)

"Kwa hiyo" yake ndiyo ingekuwa sentensi yako ya kwanza. Ripoti nyingi za masoko zinaanza na waliotazama na waliobonyeza, kwa sababu namba hizo ni kubwa na zinapatikana bila jasho. Meneja anataka kujua aongeze fedha, apunguze au aache. Mwandikie hivi: "Napendekeza tuendelee na tangazo la redio na tusimamishe la mtandaoni." Kisha sababu.

Sababu ijengwe kwa gharama ya kumpata mteja mmoja. Tuseme mmetumia shilingi 1,200,000, watu 300 wamepiga simu, 48 wamenunua. Gawanya kwa 48: kila mteja amewagharimu 25,000. Kama faida ya mauzo moja ni 9,000, mna hasara ya 16,000 kwa kila mteja, isipokuwa arudi. Akinunua mara ya tatu mmevuka. Basi swali la kweli la ripoti ni wangapi kati ya wale 48 wamerudi, na hilo ndilo la kufuatilia mwezi ujao. Pia 252 walipiga simu hawakununua: sikiliza wahudumu wa simu wanasema waliuliza nini, maana huenda tangazo halikutaja bei au mnakopeleka mzigo.

Ukitaka kujua maneno gani yamefanya kazi, badilisha kitu kimoja tu kati ya matangazo mawili. Ukibadilisha kichwa, picha na bei kwa pamoja, hutajua kipi kimeleta watu. Na watu wakiwa wachache, tuseme 12 kwa 9, usitangaze mshindi. Hayo yote yanaingia ukurasa mmoja. Zile kurasa kumi ziwe kiambatisho.

Nauza kanga na vitenge. Nina namba 600 za wateja, nimezitoa kwenye miamala ya malipo ya simu. Nikituma tangazo kwa WhatsApp, wengi hawalipati. Kwa nini? (Zanzibar)

Orodha ya kutangazia ya WhatsApp inachukua watu 256, na ujumbe unafika kwa yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wateja wako walilipa, hawakukuhifadhi. Usijaribu kuwazungukia kwa kuwaingiza kwenye kundi bila kuwauliza, wataondoka na wengine watakufungia.

Hizo namba za miamala ziache. Zilitolewa kwa ajili ya malipo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumike kwa matangazo ya biashara. Ya Kenya, ya mwaka 2019, kwa kawaida inadai ridhaa yake kwanza. Anza upya dukani. Mteja akiwa anafungiwa mzigo, mwulize, "Nikuletee picha za doti mpya zikifika?" Akikubali, ahifadhi namba yako palepale, nawe andika jina lake, tarehe na anachopenda. Ukiwatumia, tuma picha moja ya doti iliyokunjuliwa ili jina la kanga lisomeke, bei yake, zimebaki ngapi na mpaka lini unamwekea mtu. Video ya dakika mbili inakula bando lake, na wengi hawataifungua.